Uzi: Nakwenda Kalacha peke yangu na Probox. Huyu "abiria wa nyuma" wa jangwani ni nani?

#1 BintiShela
Salaam aleikum jamaa.

Dada yangu ameolewa Kalacha, kule kando ya jangwa la Chalbi, na Mungu amemjaalia mtoto wa kike. Arobaini inakaribia na mama hawezi kukaa garini mwendo ule wote, magoti yamemkataa. Kwa hivyo nakwenda mimi na Probox yangu, ile ile ninayobebea maembe kupeleka soko la Kongowea, Mombasa. Kuendesha nimezoea. Njia ya Mombasa naijua shimo kwa tuta. Kuanzia Isiolo kwenda juu ndiko sijakanyaga.

Maswali ya njia ninayo, lakini moja limenikaa kooni. Shemeji yangu, alipokuja kuposa, aliendesha usiku peke yake kutoka Moyale. Anaapa kwamba kuanzia Turbi hadi karibu na Marsabit palikuwa na mtu amekaa kiti cha nyuma. Hakumwona. Alijua tu kwamba yupo. Wala hakuogopa, anasema alimzoea, na taa za mji zilipoonekana yule mtu "akashuka". Shemeji halewi, hatafuni miraa, na si mtu wa kupamba maneno. Nikamsimulia jirani yangu, mumewe alikuwa dereva wa lori, akacheka: "Huyo madereva wote wanamjua."

Sasa ni nini hicho? Uchovu? Jini? Joto? Na nikikutana naye nimfanyeje, nimkaribishe haluwa?

#2 MwanaAmu
Shela ipi wewe? Ya kwetu au hiyo yenu? Tuelewane hapo kwanza.

Halafu watu wa Malindi, mwaka 1498 mlimpa Vasco da Gama rubani akavuka bahari mpaka Hindi, leo mwauliza ndia ya Marsabit! Sisi Amu, kisiwa mnachokiita Lamu, magari twayaata Mokowe bara, tukivuka ni punda na miguu. Abiria wa punda huna haja ya kumhisi, utamsikia analalamika. Mpe dada hongera.

#3 KijanaWatamu
Usingizi, hakuna kingine. Mtu ameendesha tangu mchana, barabara imenyooka, hakuna mti, hakuna kona, hakuna wa kupiga naye soga. Ubongo unaanza kuota kabla macho hayajafumba. Piga hesabu uone: kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari linakata karibu mita 28 kila sekunde. Ukipotea sekunde nne tu, umekwenda zaidi ya mita 110 na gari halina mwenyewe. Jini hapo si tatizo. Tatizo ni ngamia aliyesimama mbele kidogo ya hapo.

#4 DerevaMstaafu
Karibu binti. Mimi lori la ng'ombe kutoka Moyale nimelivuta tangu lami ikiishia Isiolo. Mbele ya hapo ilikuwa changarawe, mawe na vumbi, na zile kilomita zaidi ya 500 mpaka Moyale ukizimaliza kwa siku mbili tatu unamshukuru Mungu. Mvua ikikukuta njiani, utahesabu mwenyewe. Lami yote ilikuja kukamilika 2016 kuelekea 2017, sasa ni safari ya siku moja.

Na hapo ndipo ninapompinga kijana wa #3. Zamani tulichoka kuliko hivi mnavyochoka nyinyi, na huyo mtu hakuwa akipanda sana. Lori linakurusha, mawe yanagonga chini, utingo anaimba juu ya mzigo. Amezidi kupanda tangu lami ije. Barabara ikilainika hata tairi huisikii, basi ana nafasi. Wasomi nielezeni.

#5 UstadhMambrui
Waaleikum salaam. Binti, ukikaa kwenye usukani soma dua ya safari na Ayatul Kursi. Majini wapo, Qur'ani imewataja, lakini tusimbebeshe jini kila mzigo wa dereva aliyekosa usingizi.

La muhimu zaidi ni kwamba Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha na kusafiri peke yetu. Iko kwa Bukhari: lau watu wangejua anayoyajua yeye kuhusu upweke, hakuna mpandaji ambaye angekwenda usiku peke yake. Kwa mwanamke kuna maneno zaidi kuhusu maharimu, yaani jamaa wa kiume wa kumsindikiza, na wanazuoni wamekhitilafiana pale njia inapokuwa na amani. Sitayarefusha. Tafuta mtu wa kwenda naye, hata mtoto wa jirani.

#6 BintiShela
Ustadh nimekusikia, shukran. Kaka mkubwa yuko Doha, mdogo ana mitihani. Mtoto wa jirani aliyepo ana miaka tisa na hutapika kabla hatujafika Gongoni.

Usiku sitaendesha, hilo nimeshakata shauri.

MwanaAmu, Shela ya Malindi. Usianze.

#7 SistaWodini
Hongera kwa mtoto. Mimi ni muuguzi, zamu za usiku nimezila sana.

Hiyo hisia ya mtu nyuma yako usiyemwona inajulikana. Wapo wagonjwa wa kifafa wanaoisimulia, wapo wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, na waliofiwa karibuni. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walikuwa wakimpima mwanamke kijana mwenye kifafa kabla ya upasuaji. Wakachokoza kwa umeme kidogo sehemu ya ubongo upande wa kushoto, nyuma na juu ya sikio. Akasema kuna mtu nyuma yake. Akilala, yule mtu naye amelala. Akikaa na kukumbatia magoti, yule naye amekaa na anamkumbatia yeye, hata akachukia.

Watafiti wakaeleza hivi: ubongo una hesabu yake ya mwili wako uko wapi na umekaaje. Hesabu ikivurugika, unajisoma mwenyewe ukidhani ni mtu mwingine. Kwa hiyo aliyekaa nyuma ya shemeji ni shemeji.

#8 MwanaAmu
Kwa hiyo alipofika Marsabit alijishusha mwenyewe? Na posa akaja kuileta nani?

#9 KijanaWatamu
Sista ameniunga mkono, shemeji kachoka ndiyo maana hesabu ikavurugika. Angalieni Lindbergh, mtu wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege, 1927, New York hadi Paris, peke yake kwa zaidi ya saa 33. Hata usiku wa kabla ya kuruka hakulala. Miaka mingi baadaye akasimulia kwamba vivuli vya watu vilijaa nyuma yake kwenye ndege, vinaongea naye, vinamsaidia njia. Usingizi mtupu.

#10 Kasidi
Sahihisho: Lindbergh si wa kwanza kuvuka. Alcock na Brown walivuka 1919, wawili, wakatua Ireland. Lindbergh ni wa kwanza kuvuka peke yake bila kutua.

Na kama ni usingizi wa mtu mmoja, nielezeni Shackleton. Mwaka 1916 yeye na wenzake wawili walivuka kwa miguu milima ya barafu ya kisiwa cha South Georgia kutafuta msaada. Saa 36 hivi. Watatu hao, na baadaye wakasema kila mmoja alihisi njiani wako wanne. Pale hapakuwa na joto, hapakuwa na lami, na hakuna aliyekuwa peke yake. Mzee wa #4 na kijana wa #3 mnasemaje?

#11 DerevaMstaafu
Kwenye barafu sijafika, lakini unavyoeleza nako hakuna mti.

#12 FundiKisumuNdogo
Mnapiga ramli tu. Ekzosi je, nani ameuliza habari ya ekzosi?

Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu. Bomba likitoboka chini ya sakafu, au mpira wa mlango wa nyuma ukichoka, inaingia ndani polepole. Kichwa kinauma kidogo, mwili unalegea, akili inaanza kuchanganya mambo. Ukifungua dirisha mjini unapata nafuu, unasema "ameshuka". Gari la shemeji lilikuwa la mwaka gani?

Na nyinyi watu wa maembe nawajua. Mnajaza mpaka mlango wa nyuma haufungi, mnaufunga kwa kamba, mnaendesha umeachama. Gari likienda mbele nyuma yake hewa inazunguka, moshi unarudishwa ndani. Huo mchezo mwisho Mombasa, usiende nao Isiolo.

Tairi nazo: ubavuni kuna tarakimu nne. Ukiona 2319, hiyo ni wiki ya 23 mwaka 2019. Ukikuta imezeeka usiangalie kashata zake, yale meno ya juu, mpira wenyewe umekufa. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Mchana utapanda wenyewe kwa joto, usishawishike kuutoa. Ukiutoa, tairi inalala, ubavu unapinda zaidi, unazidi kupata moto, na hapo ndipo inapopasuka.

#13 BintiShela
Fundi wewe umenichungulia uani? Kamba iko mlangoni sasa hivi ninavyoandika. Tairi mbili za mbele ni mpya, za nyuma nakwenda kuzisoma.

Gari la shemeji ni Land Cruiser ya zamani, inatoa moshi hata ikizimwa.

#14 FundiKisumuNdogo
Nimemaliza. Kesi imefungwa.

#15 Nahodha_Ngomeni
Kesi haijafungwa, maana mashua yangu ya tanga haina ekzosi.

Huyu mtu baharini yupo. Usiku hakuna mwezi, uko peke yako na mshipi, bahari imelala, unajua kabisa kwamba kwenye tezi, kule nyuma ya chombo, kuna mtu amekaa. Baba yangu alikuwa akinambia usimgeukie na usimsemeshe, fanya kazi: fua maji yaliyoingia chomboni, panga kamba, washa taa. Ukishughulika hayupo. Kusi likivuma sijapata kumsikia, mikono haina nafasi. Ni wakati wa maleleji, maji yamenyamaza, hakuna nyota ya kushika kwa sababu ya utando. Ndiyo maana nakubaliana na dereva wa #4 kuliko nyinyi wa vitabuni. Ni ule utupu. Jicho likikosa pa kukaa, linakutafutia.

Ni jini au si jini? Mimi najua namna ya kukaa naye tu.

#16 SistaWodini
Nahodha umesema kitu. Mtu akifungiwa chumba chenye giza na kimya kwa muda, akili huanza kujitengenezea sauti na sura. Hapo si lazima awe amechoka. Lakini shemeji alikuwa na taa, injini inanguruma, barabara anaiona. Sioni kama hayo mawili ni kitu kimoja.

Kaboni monoksaidi nayo naiogopa, Fundi hajakosea kuitaja. Ila ingekuwa ndiyo, shemeji angefika Marsabit anatapika na kichwa kinapasuka. Mwulize alijisikiaje.

#17 MtuWaMlima
Karibuni Marsabit. Naona mnachanganya majangwa, nipange kidogo.

Ukitoka Isiolo unapita Archer's Post, Merille, Laisamis, Logologo. Kipande cha Laisamis na Logologo ndicho Kaisut. Halafu unapanda mlima, hapo ni Marsabit, kuna msitu, ukungu na baridi, leta sweta. Ukishuka upande wa pili kwenda Moyale ndiyo Dida Galgalu, mawe meusi mpaka macho yanapoishia, hadi Turbi. Shemeji alipita huko. Wewe huendi Turbi. Unaacha lami Bubisa, unakata kushoto kwenda Maikona, halafu Kalacha. Chalbi yenyewe inaanzia upande wa Maikona. Ni ziwa lililokauka, ardhi ngumu nyeupe yenye chumvi. Ikiwa kavu unapita vizuri, kwingine kuliko hata hiyo lami yenu. Ikinyesha, hata mvua ndogo, ni tope, na gari likizama linangoja jua.

Kwa hivyo: usiingie Chalbi peke yako. Fuata gari lingine, usikate njia yako mwenyewe hata ukiona kumenyooka. Bubisa hadi Maikona kuna mawe, na Probox tumbo lake liko chini. Kwa maoni yangu iache Marsabit, pandia lori la bidhaa.

Kalacha penyewe utapapenda, kuna chemchemi na mikoma. Na kitu cha kuchekesha: Malindi iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta, Kalacha nyuzi 3 kaskazini. Umezunguka kote huko ufike mbali na ikweta vile vile.

#18 Shombo
Probox iachwe Marsabit? Probox inapanda mpaka juu ya mti. Binti usisikilize.

#19 MtuWaMlima
Tumevuta nyingi zilizopanda mti.

#20 MamaNgowe
Hongera mwanangu, mtoto awe wa kheri. Nakuuliza, kwa nini uzunguke Nairobi? Si ukate Minjila, Hola, Garissa, halafu Modogashe, Isiolo? Kwenye ramani ndiyo njia iliyonyooka.

#21 DerevaMstaafu
Mama, kwenye ramani hata kunguru hufika. Njia ya Tana inategemea mto. Mwisho wa 2023 maji yalikata barabara pale Garissa na Madogo, na Aprili na Mei 2024 yakakata tena. Na kutoka Garissa kuja Modogashe kuna sehemu ndefu huoni mtu wa kukusaidia kubadilisha gurudumu. Mimi mwanamume na lori nilikuwa nauliza usalama kwanza kituo cha polisi.

Binti, fanya hivi. Mombasa usiingie, utapoteza asubuhi nzima. Ukifika Mavueni kata Kaloleni, utokee Mariakani, hapo shika barabara ya Nairobi. Lala njiani, usione aibu. Nairobi pita mapema, halafu Nanyuki au Embu na Meru, zote zinakuleta Isiolo. Isiolo lala tena. Jaza tangi hapo, jaza maji, kagua spea. Toka alfajiri, na kabla ya jua la mchana uko Marsabit, ni kilomita 260 hivi. Kutoka Malindi yote inakuwa karibu kilomita 1,100, si mchezo wa siku moja.

Usiku barabara ile ni ya ngamia. Ng'ombe ukimgonga unapoteza boneti. Ngamia miguu yake ni mirefu, ukimpiga mwili wote unakuja kwenye kioo, unakaa nawe ndani. Huyo ndiye abiria wa kuogopa.

#22 KijanaWatamu
Au upite Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, utokee Voi. Mandhari bure.

#23 Kasidi
Bure ipi? Kuna kiingilio cha hifadhi, na malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ukichelewa ndani una kesi na askari wa wanyama.

#24 Shombo
Tuache siasa. Beba muguka, ile miraa ya majani. Macho hayafumbi mpaka Ethiopia.

#25 SistaWodini
Na ndiyo maana waliotafuna wanaona watu wengi zaidi. Macho kuwa wazi si kuwa macho. Ukichelewesha usingizi unaukopa tu, na unakuja kudai ukiwa kwenye usukani. Mwaka 2024 Mombasa na Kilifi wakapiga marufuku muguka, watu wakagombana wiki nzima, lakini hakuna aliyeuliza madereva.

Binti, hatari kubwa ni nyakati mbili: kabla ya alfajiri, na saa nane hadi saa kumi mchana baada ya kula. Mwili huanguka wenyewe nyakati hizo hata ukiwa umelala vizuri. Simama, weka kiti nyuma, lala dakika kumi na tano au ishirini, kunywa kahawa chungu kabla ya kulala si baada. Maji usingoje kiu. Ukitoka jasho sana changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Kopo la soda halifanyi kazi hiyo.

#26 MwanaAmu
Sista, hayo maji ndiyo tuliyonyweshwa utotoni kwa nguvu. Mpaka leo nikiyanusa natafuta mlango.

#27 UstadhMambrui
Kabla sijasahau, usije ukahadaika na maji utakayoyaona mbele barabarani mchana. Ni sarabi. Suratun Nur aya ya 39 imeyataja: mwenye kiu anayadhani maji, akiyafikia hakuti kitu.

#28 KijanaWatamu
Hapo niko na Ustadh. Hewa iliyogusa lami ni ya moto na nyepesi kuliko ya juu yake, mwanga unapinda, unachokiona chini ni mbingu. Kwa hiyo mnakubali kwamba jicho linadanganywa bila jini. Basi na kiti cha nyuma hivyo hivyo.

#29 Nahodha_Ngomeni
Sarabi hata kamera inaipiga picha. Huyo wa nyuma mpigie picha basi.

#30 MamaNgowe
Mnabishana na mtoto hajapangiwa mzigo. Mwanangu, zawadi: kanga za dada, haluwa, na ngowe, yale maembe yetu, lakini chuma zile ambazo hazijaiva, zitaivia njiani. Ng'onda usibebe! Gari litanuka mpaka mwakani, na huko wala hawana habari na samaki.

#31 MtuWaMlima
Mama amesema kweli. Kwa wakwe lete sukari, majani ya chai na buni. Buni hiyo ikikaangwa kwa samli utaitiwa majirani. Ukiondoka watakufungia nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta.

#32 BintiShela
Asanteni nyote, nimeandika kila kitu. Tairi moja ya nyuma imekutwa na miaka yake, imebadilishwa. Fundi mwingine amelala chini ya gari na kusema bomba ni zima. Kamba nimeitoa. Natoka kesho baada ya swala ya alfajiri. Mtandao ukipatikana nitaleta habari.

#33 MamaNgowe
Safari ya kheri. Fi amanillah.

#34 Shombo
Jamani Binti amefika? Uzi umelala.

#35 BintiShela
Nimefika na sasa niko Marsabit narudi, nimevaa sweta mbili. Kalacha mtandao ni wa kuombea. Arobaini imefanyika, mtoto ana sauti ya muadhini. Mama amemwona kwenye simu akalia.

Probox haikubaki Marsabit wala haikupanda mti. Shemeji alinipokea Bubisa na Land Cruiser yake, akatangulia, mimi nyuma nakula vumbi. Maikona nilisikia tumbo la gari linaongea na mawe. Chalbi ilikuwa kavu, tukapita salama. Nilimwuliza kuhusu kichwa na kutapika: hakuwa na kitu usiku ule, alifika ana njaa tu.

Sasa yangu. Nilitoka Isiolo nimelala vizuri, lakini Archer's Post nilikawia kwenye kizuizi cha barabarani, wakanipekua mizigo yote. Nikala Laisamis, nikaondoka kama saa nane na nusu. Nikiwa Kaisut, barabara imenyooka, redio imekatika, nikanyoosha mkono nikachukua chupa ya maji kwenye kiti cha kando nikaiweka chini. Baada ya muda nikajiuliza nimeitoa kwa nini. Nilikuwa nimempisha mtu akae. Sikuona mtu, sikuwaza mtu. Mkono ulifanya wenyewe. Nikasimama Logologo nikanunua chai.

#36 KijanaWatamu
Saa nane na nusu, umeshiba, barabara imenyooka. Sista alikuandikia saa hiyo hiyo kwenye #25. Nimeshinda.

#37 SistaWodini
Usijitangazie. Huyu hakuhisi mtu nyuma. Ametengeneza nafasi kando, kwa adabu, bila kuhisi chochote. Hilo halifanani na la shemeji wala la mgonjwa wa Uswisi. Binti, ni mazoea? Kwa kawaida kiti hicho hukaa nani?

#38 BintiShela
Mama, tukienda Kongowea. Na huwa anasema toa chupa nikae.

#39 UstadhMambrui
Mama alikuwa akikuombea saa hiyo. Mwulize.

#40 FundiKisumuNdogo
Vioo vilikuwa vimefungwa? AC ilikuwa inazungusha hewa ya ndani au inavuta ya nje?

#41 BintiShela
Vimefungwa, ya ndani. Vumbi.

#42 FundiKisumuNdogo
Ahaa. Hewa ile ile unaivuta na kuitoa kwa masaa, inakuwa nzito, lazima akili izubae. Ukirudi weka ya nje, vumbi litafuliwa.

#43 Kasidi
Masaa gani, Laisamis hadi Logologo si mbali kiasi hicho. Na alikuwa ametoka kula, milango imefunguliwa.

#44 DerevaMstaafu
Pale Kaisut ndipo nilipokuambieni lami ni laini. Mnaruka hilo kila mara.

#45 MtuWaMlima
Binti, leo usishuke tena, jioni imeingia. Kuna mama wa hapa anatafuta usafiri mpaka Isiolo, ana mkungu wa ndizi na mjukuu mmoja. Ukikubali nikuunganishe naye hapo stendi.

#46 BintiShela
Naja. Mjukuu hatapiki?

#47 FundiKisumuNdogo
Kabla hujapakia mtu pima upepo hapo hapo Marsabit asubuhi kukiwa baridi. Ukishuka Isiolo kwenye joto utaona umepanda. Usiutoe.

#48 MwanaAmu
Tumalize la maana. Hiyo nyirinyiri umefungiwa makopo mangapi, na moja lafika Mokowe kwa shilingi ngapi?